Vidonge Kwenye Begi Kubwa

Jumatatu ya kwanza ya Juni mwaka jana nilimpoteza mume wangu, hapa Sekei. Binti yetu alikuwa ameshatulipia sisi wawili safari ya meli ya kitalii, siku nne baharini. Nilitaka kuiacha. Mdogo wangu wa kike akasema atakwenda nami.

Anayepanda meli hizo mara ya kwanza namwambia jambo moja: dawa zako zibebe mwenyewe. Bandarini wanachukua mabegi makubwa, wanayaleta chumbani baadaye sana. Mimi sikujua. Miaka yote vidonge vyangu vya presha vilikaa kwenye mfuko wa koti la mume wangu, hata tukienda kanisani tu.

"Dada, umemeza dawa?" mdogo wangu aliniuliza tulipoingia chumbani.

"Ziko kwenye begi."

"Lile walilochukua? Kuku wako humwachii jirani, dawa unampa mtu usiyemjua!"

Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilikuwa namkasirikia marehemu kwa kuniacha nibebe dawa mwenyewe, nami nikaona aibu.

Begi lilifika jioni. Nilimeza kidonge, na mdogo wangu akahamishia vilivyobaki kwenye mkoba wangu.