Mrejesho: mwezi wangu wa kwanza na gari la kifahari la off-road, na dumu la ulanzi lililoamua hatma yake

Wakuu, na wote mlio chini ya wakuu, nawasalimu kutoka Kitandililo, Makambako. Mimi ni bibi, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea zote kwa mpigo. Marahaba.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe na mashahidi wako hai. Najua humu mtu akisimulia jambo mnasema ni chai. Anayeona hii ni chai apande basi, ashuke Makambako, aulize bibi mwenye gari jeusi yuko wapi, kisha aje afungue mlango anuse.

Shule niliishia la nne. Nikikosea kuandika, mnisome hivyo hivyo.

Twende.

Mimi na marehemu mume wangu tulipanda miti. Wenzetu walitucheka, wakasema mti hauliwi. Marehemu akawajibu, "Tutaukalia." Yeye hakuwahi kuukalia, akatangulia. Miti ikakomaa, nikavuna, mbao zikaenda, parachichi nazo zikakubali, mpaka watoto wakaanza kuniuliza, "Mama, sasa unataka nini?"

Nikasema nataka gari.

Wakadhani nasema kirikuu ya kubebea viazi. Nikawaambia hapana. Miaka yote nimeendesha pickup ya marehemu, ile ambayo mlango wa dereva unafungwa kwa kamba ya mpira. Kila shimo la huku kwetu mgongo wangu unalijua kwa jina. Nataka gari jipya, kubwa, full option, lile wanalopanda wakubwa wakija kuangalia barabara mbovu.

Aina siitaji, msije mkasema nimelipwa. Ni jeusi, na ndani viti vyake ni vya ngozi rangi ya maziwa.

Sasa niwape niliyoyaona.

Kwanza, linachuchumaa. Ukifungua mlango linashuka lenyewe, linakusubiri upande. Nimeolewa na mwanaume mzuri miaka mingi, lakini kunichuchumalia, hapana. Siku ya kwanza nilipanda nikashuka, nikapanda nikashuka, mpaka jirani akaniuliza nimesahau nini humo ndani.

Mlango ukiuegemeza tu, unajivuta wenyewe unafunga. Mimi mikono imezoea kubamiza, kwa hiyo mpaka leo nabamiza, halafu naomba msamaha.

Viti vinapasha moto. Watu wa Dar hamtaelewa utamu wa jambo hili. Asubuhi ya Njombe ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga, wewe unakalia kitu kama mkate uliotoka motoni. Mara ya kwanza sikujua kama kimewashwa. Nilidhani umri umenifikia, nikasimamisha gari nikashuka kujikagua.

Lina kelele. Nililipeleka sokoni Lyamkena, likalia kwa kila kiumbe. Bodaboda, linalia. Mbuzi, linalia. Mama kapita na beseni lake la parachichi, linalia. Nikaweka kiroba cha viazi kwenye kiti, likalia mpaka nikakifunga mkanda. Vile viazi vilisafiri kwa heshima kuliko mimi nilivyopelekwa harusini kwangu.

Na lina ukarimu. Ukiendesha muda mrefu linakuonyesha kikombe cha chai pale mbele kwenye kioo chake. Nikasema jamani, hata gari linajua mtu mzima anatakiwa kukaribishwa. Mwanangu akaniambia maana yake umechoka, pumzika. Bado ni ukarimu.

Mafuta linakunywa. Hapo sina la kulitetea.

Basi, nikalipenda. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Huyo mwanangu niliyemtaja anaitwa Elia, ni wa kwanza, anafanya kazi Dar. Alipokuja kuliona gari alizunguka, akakaa ndani. Jioni akawaita wadogo zake kikao. Wakaniambia, Mama, gari hili kwako linapotea. Wewe ni mtu wa kubeba viazi. Tuliuze likiwa bado jipya, tujenge vyumba vya kupangisha pale mjini. Elia akasema mnunuzi tayari anaye, mtu wa Dar, anasubiri simu tu.

Wakuu, mama hagombani na watoto wake wote kwa siku moja. Nilikubali kwa mdomo. Moyo ulibaki umeshika usukani.

Nikaomba kitu kimoja tu. Ombeni, mtoto wa Elia niliyemlea mimi, alikuwa amepata mchumba Mawengi kule Ludewa. Nikasema posa ya mjukuu wangu niipeleke mwenyewe, kwa gari langu, halafu mnunuzi aje. Elia akakubali. Mnunuzi akaambiwa aje Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

Sasa msikilize vizuri hapa.

Mshenga alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alipokwenda mara ya kwanza kubisha hodi, baba wa binti alimwambia neno moja. Mzee yule ujanani aliwahi kupasua mbao huku kwetu. Akasema, "Mkija rasmi msiniletee kreti za soda. Nileteeni mtogwa wa Kitandililo. Nisipouona, nitajua hamnijui."

Kwa wasiojua, ulanzi ni maji ya mwanzi. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatega chombo, yanadondoka. Ukiwa mbichi unaitwa mtogwa, mtamu, hata sisi walokole tunakunywa na hakuna anayeulizwa. Ukikaa unageuka mkangafu, na mkangafu una watu wake.

Lakini kubwa ni hili: ulanzi unapumua. Dumu la ulanzi haliwekwi kizibo. Unachomeka majani mdomoni, linapumua taratibu mpaka linafika. Kwetu mtoto analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu.

Asubuhi ya safari nikajaza dumu kubwa, nikachomeka majani, nikaliweka kiti cha nyuma, nikalifunga mkanda lisitupigie kelele. Nikaingia ndani kujifunga kitenge. Nilipotoka nikakuta Elia, suti imenyooka, amelifunika dumu kwa taulo jipya. Nikasema moyoni, angalau huyu mtoto ana adabu ya ukwe.

Tukaondoka. Mimi kwenye usukani, Elia pembeni yangu, shemeji nyuma na dumu lake, wamekaa kama maharusi.

Njombe tukaikuta na ukungu. Tulipokata kuelekea Ludewa, shemeji akaanza kulalamika kiuno. Nikabonyeza vitufe vyote vya viti vya nyuma, sikutaka kuchagua. Kumbe nimempashia moto yeye na nimelipashia moto dumu.

Tukaingia barabara ya zege, kona juu ya kona, kilima juu ya kilima. Gari linapanda kama halina habari. Nilikuwa naendesha huku najua ni mara ya mwisho, kwa hiyo kila kona niliikata kwa heshima.

Elia akasema, "Mama, nasikia kama tairi linatoa upepo."

Nikamwambia, "Hilo ni tumbo la baba yako mdogo."

Shemeji akasema, "Tumbo langu liko kimya. Labda la kwako."

Tukaenda tena kidogo. Kisha shemeji akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Mama Elia, huyu mwenzangu anavimba."

Nikainua macho kwenye kioo cha kuangalia nyuma.

Wakuu, mimi nimesikia mti mkubwa ukianguka jirani. Kishindo hiki kilikuwa kifupi zaidi lakini kilikuwa ndani. Kizibo kilipiga dari, kikarudi, kikampata Elia kisogoni. Ulanzi ukafuata. Ulikwenda juu, ukashuka, ukaingia kwenye vitundu vya spika. Shemeji alikuwa amefumba macho na mdomo ameuacha wazi, sijui kwa hofu au kwa hesabu zake.

Nikaita jina la Bwana. Yule mwanamke asiyeonekana, sauti tu, anayekaa ndani ya gari akajibu kwa Kiingereza. Elia alinitafsiria baadaye, alisema hajaelewa, nirudie.

Nikasimamisha pembeni. Ulanzi unadondoka kutoka darini, to, to, to. Gari likanionyesha kikombe cha chai.

Elia akashuka, suti imemgandama, akasimama anaangalia mlango uliokuwa wazi. Akasema, "Jumamosi mtu anakuja kuchukua gari."

Shemeji akamuuliza kwa upole, "Elia, majani yalikwenda wapi?"

"Niliyatoa, baba mdogo. Niliogopa yatamwaga kwenye ngozi."

"Ukaweka kizibo."

"Nikaweka."

"Ukakikaza."

"Nikakikaza."

"Kwa mkono?"

Elia akaangalia viatu vyake. "Kwa koleo."

Mtoto niliyemzaa mimi, kakulia chini ya mianzi. Dar imemkausha kichwa kama kisamvu juani. Sikumgombeza. Ningeanzia wapi?

Tukaangalia dumu, limebaki chini ya nusu. Shemeji akasema kurudi ni aibu, kwenda ni aibu, bora aibu yenye kilichobaki. Nikafuta usukani kwa kitenge, tukaenda.

Kwa wapenzi wa off-road, niseme hili. Ukiacha zege kuingia kwao kuna kilima cha utelezi, mvua ilikuwa imepiga, na njia ni udongo mwekundu wa kuvuta viatu. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya mlima. Likajiinua, likashuka kile kilima kama beberu, mguu kwa mguu, bila kuteleza. Hapo nikalia kidogo. Elia akadhani ni ulanzi umeniingia machoni. Nikamwacha adhani hivyo.

Ukweni walikuwa wamesimama uani, mikono imefungwa kifuani, hakuna tabasamu. Baba wa binti mbele yao, mzee mfupi, kofia ya sufu. Analiangalia gari kama mtu anayeangalia mkopo.

Nikafungua mlango. Gari likachuchumaa. Harufu ikashuka kabla yangu.

Yule mzee akainua pua. Akaja. Hakunisalimia mimi, akapita, akaingiza kichwa ndani ya gari, akavuta hewa. Akagusa dari kwa kidole, akaonja.

"Mtogwa," akasema.

Kisha akamgeukia mkewe. "Nilipoliona linashuka kilima nilikwambia hawa wanakuja kutununua. Sasa naona wamekuja watu wenyewe."

Akaniangalia na kitenge changu kilicholowa. "Pole kwa safari, mama. Nani aliyekaza kizibo?"

Shemeji akamwonyesha Elia kwa kidevu. Yule mzee akacheka mpaka akashika mlango, na watu wa uani wakacheka naye, na mimi nikacheka. Mwisho Elia naye akacheka, kwa taabu.

Tukakaribishwa ndani ya nyumba, lakini mzee akakataa kutoka kwenye gari. Alishapanda nyuma, kiti bado cha moto, akasema kiuno chake hakijawahi kupata ukwe mzuri namna hii. Akaagiza vikombe. Shemeji ikabidi aitoe posa humo humo, wazee wamejibana, vikombe vinazunguka. Binti akaitwa, akasimama mlangoni, akaulizwa kama anamjua Ombeni. Akasema anamjua. Akaulizwa, "Tunywe?" Akasema, "Si mmeshaanza, baba."

Posa ikapita.

Tuliporudi Elia aliosha gari. Akasugua, akapuliza manukato, akasugua tena. Mimi nilimsaidia kadiri ya uwezo wangu. Usiku nilikuwa nafunga vioo vyote vizuri, mvua isiingie. Na asubuhi nilikuwa nawasha viti, ili vikauke.

Nimeshawaambia ulanzi ukikaa unageuka nini. Uliokuwa ndani ya kapeti nao ulikaa.

Jumamosi mnunuzi akafika. Kijana mtanashati, shati jeupe, viatu vya kumfanya anyate kwenye tope. Akazunguka gari, akalisifu rangi, akapiga tairi teke. Akafungua mlango.

Akaufunga.

Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, hili gari linakunywa?"

Nikamjibu, "Mwanangu, limeanza juzi tu, lakini limeupenda ulanzi."

Alimpa Elia mkono, akapanda gari lake, akaondoka. Elia akakaa kwenye ngazi. Kisha akasema, "Mama, hili sasa haliwezi kuuzika popote."

Nikamwambia pole. Nikampelekea chai.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Gari jipya usiliogope, litakutawala. Lichafue mapema kwa kitu unachokipenda, watu wanaolitaka kwa ajili ya bei watakuachia wanaolitaka kwa ajili ya safari. Na kitu kinachopumua usikizibe, kiwe ulanzi au mama yako.

Jumapili naliendesha kwenda kanisani, nalipaki mbali kidogo na mlango. Wazee fulani wamekuwa wananiomba lifti ambao zamani walikuwa wanatembea.

Karibuni mchangie. Mwenye swali la mafuta, viti, matope, aulize, nitajibu nikitoka shambani. Ila mwenye dawa ya kutoa harufu ya ulanzi kwenye kapeti, namwomba akae nayo huko huko aliko.