Nyimbo Nne za Khawla

Kabla ya kunywa chai, dada yangu Khawla alikuwa akigonga vidole vitano ukingoni mwa sinia, kidole gumba mwisho. Hakuacha hata ukweni, mbele ya wageni.

Mwaka 1998 kaka yetu Ghassan na wenzake wawili walikuwa wakirikodi albamu yao ya kwanza, mtaani Wadi Kabir, katika chumba juu ya gereji. Walipiga roki ya nyu-wevu, ile ya magitaa makavu na kinanda cha umeme. Mpiga kinanda alikuwa Khawla, na nyimbo nne kati ya tisa alizitunga yeye. Mumewe Saeed ndiye aliyekuwa akimpeleka.

Saeed akafa kwa ajali ya gari. Khawla akakaa eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Nasriya: miezi minne na siku kumi, hatoki. Na mwisho wa mwezi ule mpiga ngoma alikuwa anahamia Uingereza, albamu lazima iishe kabla.

Ghassan akamletea kinanda, na visikilizio vya masikioni.

"Mume hata arubaini hajatimiza, wewe wataka kupiga muziki?" akauliza Bi Nasriya.

"Hapana atakayesikia, mama. Mimi tu."

"Na Mungu je?"

Kinanda kikarudi garini.

Siku ya mwisho ya kurikodi Ghassan alikuja baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala. "Robo saa tu, da Khawla. Vaa buibui twende."

Akavaa. Mlango nimeushika mimi, niliyekuja kukaa naye eda. Akageuka kumtazama binti yake Atheer, wa miaka miwili, amejilaza mkekani.

"Wakijua, watanichukulia huyu," akasema.

"Na nani atapiga?"

"Mtafute mtu. We si ndo bwana mkubwa wa bendi?"

Kinanda akakipiga mtu wa kukodiwa. Kanda ikatoka. Eda ikaisha, Khawla asitoke: kwanza Atheer mdogo, kisha Bi Nasriya akapooza, na wa kumwogesha hakuna mwengine. Ikawa miaka tisa. Kanda hakuigusa.

Mwaka 2007 figo zikamlaza hospitali. Siku moja akaniomba mwenyewe nimpelekee albamu. Tuliisikiliza pamoja hadi wimbo wa tatu, mmoja katika zile zake, akafumba macho.

"Nizime?" nikamuuliza.

Baada ya jibu lile hakusema nami tena hadi kufa kwake:

"Wache. Lakini mwambie Ghassan, yule mtu wake kakimbia pale pa kusubiri mapigo matano."