Mtoki Chini ya Taya

Fundi alikuwa na tabia moja mbaya: kukata uzi kwa meno. Mkasi upo, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani, lakini yeye kichwa chini, kacha, uzi umekatika. "Utakuja kubaki kibogoyo," wateja walimtania. "Nitakatia ufizi," anawajibu, na chumba kizima kinacheka. Chini ya meza alikaa mwanawe wa pekee, binti wa miaka miwili, amekalia vipande vya vitambaa. Mtaa mzima ulimwita Pindo, maana tangu ajue kutambaa alikuwa haachii pindo la gauni la mama yake. Baba alikwishatokomea, na hapa simtaji tena, hana faida.

Siku moja jino la pembeni likamegeka. Likauma, akatia karafuu, akaendelea kushona. Baadaye, akiwa anaoga, vidole vikagusa kitu chini ya taya upande uleule, kama punje ya haragwe. Akagusa tena. Kipo.

Mama yake mzazi alikufa kwa uvimbe wa shingo. Ilikuwa saratani. Uvimbe ulikua mpaka mama akashindwa kumeza hata maji, na walipokuja kumpeleka kupasuliwa, muda ulikuwa umekwenda. Watu wakasema kisu ndicho kilichousambaza. Fundi na mdogo wake ndio waliomuuguza, wakamfuta usaha kwa matambara, na harufu ile haikumtoka Fundi puani maisha yake yote.

Basi hakwenda hospitali. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na nitamkasirikia mpaka kesho. Mtu mzima, ana miguu, ana mdomo, hospitali haiko mbali! Lakini yeye alikwishajikatia kauli kwamba anakufa, akamwita mdogo wake, aliyeolewa mji wa pili na hakujaliwa mtoto.

"Mchukue Pindo," akamwambia.

"Dada, twende kwanza ukapimwe."

"Nikapimwe nini? Mama alipimwa, akapona? Mchukue. Bado mdogo, atasahau. Mfundishe akuite mama. Na usimlete hapa hata kidogo, sitaki anione ninavyooza. Niapie."

Mdogo wake akalia, akaapa. Wakati wa kuondoka ilibidi vidole vya mtoto vibanduliwe kimoja kimoja kwenye gauni. Alipiga mayowe mpaka kona ya mtaa, "Mama! Mama!", na majirani wakatoka milangoni. Fundi akarudi kwenye cherehani, akasubiri kufa.

Mwaka ukapita na ushee. Uvimbe mara unakua, mara unanywea kidogo. Taya likiuma, anasema ugonjwa umepanda. Kutafuna kukamshinda, akawa anakunywa uji tu, akakonda, akasema si mnaona? Mara mbili mdogo wake alipiga simu. "Dada, nikuletee mtoto umwone?" "Uliapa," akamjibu, akakata. Halafu analia juu ya nguo za watu.

Mteja ndiye aliyemwokoa, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuja kuchukua sketi akamkuta uso umefura, mdomo haufunguki, homa inamtetemesha. "Utafia juu ya sketi yangu? Inuka!" Akamburuta mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mkali. Alibonyeza chini ya taya, akausukuma uvimbe huku na huku.

"Unauma?"

"Sana."

"Na unateleza. Ile mibaya mara nyingi ni migumu, imeng'ang'ania, tena haiumi. Ila kwa vidole tu siapi, tutapima. Nikuulize, ukijikwaa, kidole cha mguu kikatunga usaha, mtoki hautoki kwenye kinena?"

"Unatoka."

"Kidole kikipona?"

"Unanywea."

"Basi na huu ni mtoki. Shingoni nako kuna tezi hizohizo, zinavimba zikipambana na vijidudu. Kidonda chako kiko mdomoni. Fungua. Loo! Jino limeoza mpaka mzizi! Umekaa nalo tangu lini?"

Fundi akajigusa chini ya taya. Mtoki! Kitu anachokijua hata mtoto anayecheza peku!

Walimtoa damu, wakamvuta maji ya uvimbe kwa sindano nyembamba. Majibu yakarudi: saratani hakuna. Jino likang'olewa, usaha ukatoka, akapewa dawa na kuonywa azimalize zote. "Na si kisu kilichomuua mama yako," daktari akamwambia, alipokwisha kusimuliwa habari za marehemu. "Ni kuchelewa. Uvimbe ukigoma kunywea wiki mbili tatu, njoo, haukaliwi nyumbani. Ungekuja mapema, ningekwambia hayahaya ukarudi kwako kupika." Mwezi haukuisha, chini ya taya pakawa laini.

Akashona gauni la manjano kwa kipimo alichokuwa nacho kichwani, akafunga safari kwenda kumchukua mwanawe.

Mdogo wake alifungua mlango, akamkumbatia, wakalia wote. Nyuma yake akatokea mtoto aliyerefuka, miguu mirefu, ambaye gauni la manjano lisingempita hata mabegani. Mkono wake umeshika pindo la gauni la mama yake mdogo.

"Pindo," Fundi akaita. Akapiga magoti, akamshika mkono.

Mtoto akapiga mayowe. Yaleyale. "Mama! Mama!" Na alikuwa anamtazama mdogo wake Fundi, kajibanza mapajani mwake.

"Mchukue, dada," mdogo wake akasema, machozi yanamchuruzika. "Ni wako. Mimi nilifanya ulivyoniapisha tu. Mchukue."

Fundi aliviangalia vidole vile, vilivyokakamaa kwa kung'ang'ania kitambaa. Aliwahi kuvibandua mara moja. Hakuwa na mikono ya kufanya hivyo tena. Akamwachia mtoto, akalikunja gauni la manjano, akalirudisha mkobani.

"Usilie," alisema. "Hunijui? Mimi ni mama yako mkubwa."

Mtoto akafuta kamasi, akamtazama mama yake mdogo kwanza, ndipo akainamisha kichwa kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," Fundi akaitikia, na mtoto hakushtuka, maana mama mkubwa naye husema hivyohivyo.