Kaburi la Nyangi Halina Mtu

Admin, ficha jina langu na la kijiji, maana huku tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma ualimu, nimebakiza mwaka mmoja. Kwetu ni Serengeti. Mama ni mkulima, baba ni katekista, na mimi mwenyewe ndiye kiongozi wa kwaya ya wanafunzi chuoni. Kwa hiyo msinianze na habari za "mrudie Mungu". Mimi niko kanisani kila siku na ndiyo maana silali.

Likizo hii nilianzia kwa mjomba, kaka yake mama, upande wa Nyamongo, kijiji kilichopakana na mgodi wa dhahabu. Mjomba ni mtu wa masihara, lakini ukimtajia mgodi anabadilika sura. Wakilipua baruti nyumba yake inatikisika, na ukuta wa chumba nilicholala una ufa unaoingia kidole. Ng'ambo ya uzio taa zinawaka hata mchana. Upande wetu wa uzio mke wa mjomba anapuliza kuni mbichi mpaka machozi yanamtoka. Nilitoka chuoni nikiwa na hasira zangu tayari, maana ninalala chumba kimoja na wenzangu wanaobadilisha simu kila muhula na mimi naazima hadi kitabu. Nilipofika pale hasira ikapata mahali pa kukaa.

Zikaja habari kwamba mgodi utaongeza eneo mpaka kwa mjomba. Hapo watu wakaanza kutegesha. Kutegesha ni hivi: unasimamisha nyumba ya haraka haraka au unapanda miti kwa fujo, ili wathamini wakija wakukute unacho na fidia iongezeke. Mjomba hakuwa na bati wala miche. Siku moja mchana akaniita nyuma ya zizi. Nikakuta mawe yamepangwa vizuri, ya zamani, yana ukungu, na msalaba wa ubao uliotolewa zizini.

"Njoo mwalimu, wewe una mwandiko. Andika hapo jina la mtoto."

"Mtoto gani, mjomba?"

"Wangu. Alizaliwa akafa, miaka ile."

Nikamtazama mkewe. Yeye akageukia kuku wake.

"Mjomba, kaburi jamani! Huo si uongo?"

"Uongo? Hawa wanachukua dhahabu chini ya miguu yangu, mimi wananiachia vumbi, halafu mwongo ni mimi? Kaburi linalipiwa na linahamishwa. Mtoto mchanga haachi mifupa. Watachota udongo, wataweka kwenye sanduku, basi. Fidia ikitoka unamaliza chuo. Au unataka kuwa malaika?"

Sitawadanganya, sikulazimishwa. Nilichukua brashi na nikajisikia vizuri, kama vile mara moja na sisi tumewaweza. Nikaandika Nyangi, jina la marehemu bibi aliyewazaa mama na mjomba, kwa sababu ndilo lililonijia kwanza. Nikachora na ua pembeni.

Wathamini walikuja, wakapiga picha, wakaandika. Wakasema siku ya kuhamisha awepo kiongozi wa dini. Mjomba hakutaka wa pale kijijini, wangeuliza maswali. Akampigia simu shemeji yake, yaani baba yangu.

Baba alikubali bila kuuliza chochote. Tangu nirudi nyumbani, kila tukisali jioni anamtaja: "Bwana, umkumbuke mtoto wetu Nyangi." Na sisi tunaitikia. Na mimi naitikia! Mama ndiye ananimaliza kabisa. Juzi tukipalilia mihogo alisimamisha jembe akasema, "Kaka yangu amempa mtoto jina la mama yetu, akamzika bila kuniambia. Nilimkosea nini?" Nikainama nikaendelea kupalilia, nikakata na mihogo mizima.

Jumapili nilijaribu. Tulikuwa tunatoka misa, baba anakokota baiskeli, nikamuuliza, "Baba, hivi mtu akimdanganya anayemwonea, Mungu anamhesabia dhambi?"

Akacheka. "Hayo ndiyo mnafundishwa chuo? Kamwulize padre, mimi ni wa kuongoza rozari tu." Tukatembea kidogo, halafu akanitazama. "Mbona unauliza?"

"Mtihani, baba."

Nikisema, mjomba anakosa hata anachostahili kwa haki, na pengine anakamatwa. Mimi narudi nyumbani kulima, na mama anapoteza kaka aliyebaki peke yake. Nikinyamaza, baba yangu, ambaye hata kuku wa jirani akiingia shambani anamrudisha amembeba, atasimama mbele ya watu na kumwombea mtoto niliyemtunga mimi. Na bado, niseme ukweli wangu, nikiukumbuka ule ufa ukutani naona mjomba ana haki ya kukasirika. Nazunguka humo humo, nasali, naacha katikati.

Leo asubuhi mama ameniletea pasi ya mkaa na kitambaa cheupe. Ni kishuka kidogo sana. Amekishona kwa mkono, pembeni ametia ua. Hajawahi kuuona ule msalaba.

"Kipige pasi taratibu," akaniambia. "Ndicho atakachofungiwa mjukuu wa mama."

Nimekipiga pasi. Sasa kimo ndani ya mkoba wa baba, juu ya kitabu cha ibada. Safari ni Jumamosi, na baba ameniomba niende naye nikaanzishe wimbo pale kaburini. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni baadaye, kwanza nijibuni: nimwambie baba kabla hatujatoka hapa nyumbani, au niende nikaimbe?