Farasi Chini ya Kitambaa

Jamani, aibu mimi ninazo nyingi, maana huwezi kuuza viatu vya mitumba miaka yote hii ukabaki na heshima yako nzima, lakini hii ya siku ya posa ya mdogo wangu Manka ndiyo inayonichosha mpaka leo, kwa sababu kila anayenifahamu ameshaisikia, na wote wameisikia vibaya. Ngoja niwaambie ilivyokuwa, halafu mnicheke mara moja tuyamalize.

Kilichoanza ni televisheni. Nilinunua televisheni ya mtumba, kubwa, nzito kama jiwe la kusagia, nikaipandisha mpaka kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga Ngarenaro, na yule muuzaji akanitupia juu yake mashine ya gemu kama nyongeza, kwa maana ilikuwa imekaa dukani kwake muda mrefu na hakuna aliyeitaka. Ndani yake kulikuwa na sidii moja tu. Maandishi yake yote ya Kijapani au Kichina, mimi sijui, yale ya vijumba vijumba. Nikamwambia Manka hii tutampa mtu. Manka akasema tuiwashe kwanza tuone.

Basi tukaiwasha, na hapo ndipo nilipopotea.

Unaamka kwenye kibanda, wewe ni kijana mwenye upanga na nywele ndefu, unafungua mlango, na nje kuna nchi. Nchi nzima kabisa, nawaambieni. Hakuna anayekwambia upite wapi, au labda wanakwambia ila kwa yale maandishi yao, kwa hiyo sisi hatukujua kama tumetumwa kumuokoa mtu au kulipiza kisasi au kupeleka mzigo, tulikuwa tunatembea tu. Ukiona mto unaufuata. Ukiona pango unachungulia, ukitokewa na dudu lenye pembe unakimbia. Mto tukauita Themi, kama ule wa hapa mjini. Kijiji ambacho watu wake hawajibu salamu tukakiita Uzunguni. Kuna mteremko mmoja kila tukidhani tumeumaliza unaendelea, tukauita Moshono, kama mtaa wa kule pembeni ya mji, maana enzi hizo kwetu ulikuwa mbali. Manka alikuwa ananisuka huku mimi nashika pedi (kile kidude cha mkononi chenye vitufe), au yeye anashika na mimi nachambua maharage, na tunabishana. Mimi napenda kufuata mto taratibu niangalie maji. Yeye alikuwa na haraka ya kufika kwenye mlima.

Maana mlima ulikuwepo. Popote ulipo katika nchi ile, ukigeuka unauona kwa mbali, mweupe juu, na hausogei. Manka alisema, "Dada, lazima tuone upande wa nyuma kuna nini."

Na mara nyingi alikuwa anauliza swali moja, mtoto wa Kichaga aliyezaliwa mjini hajawahi kuchunga hata kuku, "Nyasi zote hizi, kwa nini hakuna ng'ombe?" Ila farasi tulimpata, huko mbele ya Uzunguni, amesimama peke yake. Tukamwita Simoni. Msiniulize kwa nini, Manka alisema ana sura ya mtu anayeitwa Simoni, na kweli anayo.

Sasa tatizo. Mashine ile inataka kadi ndogo ya kutunzia ulipofikia, na yetu haikuja nayo, na mjini niliitafuta nikaambiwa labda Nairobi. Bila kadi, ukizima umerudi kibandani, huna Simoni, huna kitu. Mgao wa umeme ulishaturudisha hivyo mpaka tukazoea. Lakini mwaka ule mvua zikanyesha vizuri, umeme ukatulia, tukaamua hatuzimi tena. Tunaisimamisha tu, tunaenda kazini, tunarudi tunamkuta Simoni ameinua mguu mmoja anatusubiri. Na televisheni nayo kitufe chake cha kuwashia kilikuwa kimezama ndani, na cha sauti pia, kwa hiyo ilikuwa inazimwa kwa waya wa ukutani tu, waya huohuo mmoja na mashine. Bili ya umeme naomba tusiizungumzie.

Katikati ya hayo Manka akaniletea habari ya Lazaro. Kijana mwalimu, Mwarusha, kwao Oldonyo Sambu, huko nyuma ya Mlima Meru. Kijana mzuri sina neno naye. Wazazi wetu hawapo tena, mimi ndiye niliyemlea Manka tangu akiwa na meno ya utoto, kwa hiyo baba mdogo akasema atashuka kutoka Machame na posa ipokelewe kwangu. Na baba mdogo, niwaambie ukweli, hakuitaka ile ndoa. Alitaka Manka aolewe na mtu wa kwetu, mwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, siyo aende kukaa kwenye vumbi na mbuzi. Hakusema hapana waziwazi. Alikuwa anasubiri wageni wakosee kidogo tu ili aseme. Manka alilijua hilo, usiku hakuwa analala, akawa ananiuliza kila asubuhi, "Dada, atakubali kweli?" Nikamwambia wewe niachie mimi, nyumba itakuwa safi, chakula kitakuwa kizuri, hatapata pa kushika.

Siku yenyewe ni Jumamosi. Wali umeiva, nyama imeiva, vitambaa vya kufuma nimevifua na kuvipiga pasi, vya makochi, vya meza, na kile kikubwa cha televisheni. Na mimi, mjinga, nikaona wageni wamesema saa nane, bado kuna muda, ngoja nimsogeze Simoni kidogo. Tulikuwa tumefika miguuni mwa mlima, fikirieni, miguuni kabisa. Tulikuwa tumeahidiana tutaupanda pamoja kabla hajaolewa. Nikasema sipandi, nasogea tu.

Wageni wakaja mapema. Nasikia hodi, nasikia sauti ya baba mdogo anawakaribisha mlangoni, na mimi nina pedi mkononi. Hapo ningechomoa waya tu. Mtu mzima mwenye akili angechomoa waya. Mimi nikaisimamisha, nikatupa kitambaa juu ya televisheni, nikaongeza na khanga juu yake usionekane mwanga, pedi nikaisukuma chini ya kitambaa cha kochi kubwa, nikatoka nikitabasamu. Shikamooni, karibuni, poleni na safari.

Waliingia na sukari yao, soda zao, na blanketi la baba mdogo. Manka alikuwa chumbani kama desturi ilivyo, bibi harusi haonekani mpaka aitwe aulizwe kama anawafahamu wageni. Kiongozi wao alikuwa Mzee Loishiye, baba mkubwa wa Lazaro, mzee wa kanisa, mrefu, ana fimbo, mtu wa maneno machache. Na kwa heshima yake baba mdogo akamkaribisha kochi kubwa. Nikafungua mdomo niseme pale kuna springi imetoka, akawa ameshakaa.

Hakikutokea kitu. Nikashusha pumzi. Tukasimama kwa sala, yeye mwenyewe akaiongoza, sala ndefu yenye utulivu, ikaisha, akakaa tena, na safari hii akakaa vizuri.

Chini ya khanga farasi akalia.

Baba mdogo akaangalia dirishani. Mzee Loishiye alikuwa anaanza kusema, "Sisi tumetoka kule ng'ambo tukiwa tunatafuta," akanyamaza, akajisogeza kidogo, na kujisogeza huko ndiko kulikompeleka Simoni mbio, maana kwato zikaanza kusikika kotokoto kotokoto kotokoto, halafu likanguruma dudu moja la mlimani ambalo hatujawahi kulisikia kabla. Pedi ile, ukipigwa kwenye gemu, inatetemeka. Mzee akaniangalia kwa upole kabisa.

"Mama," akasema, "hiki kiti chenu kinatetemeka."

Nikasema ni jirani ana mashine ya kusaga. (Ngarenaro kila jirani ana mashine ya kitu fulani, ingeweza kupita.) Lakini farasi akalia tena, kilio kibaya, cha kuumia, na mlango wa chumbani ukafunguka, Manka akatoka mbio hajaitwa, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akapiga kelele mbele ya ukoo mzima wa watu, "Dada, Simoni anakufa!"

Lazaro akaweka soda chini. Baba mdogo akauliza taratibu, na nikaona kabisa anafurahi moyoni, "Simoni ni nani?"

Sasa ningesema nini? Nikavuta khanga. Kitambaa kikaja nacho. Pale kwenye kioo nchi yetu yote ikaonekana, mlima umejaa televisheni nzima, dudu lenye pembe limesimama juu ya jiwe, na Simoni anachechemea. Nikanyoosha kidole nikasema, "Huyo hapo."

Na Manka, mdogo wangu niliyemfundisha adabu mwenyewe, akamwendea Mzee Loishiye akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba, samahani, inuka kidogo," mzee wa watu akainuka, Manka akachukua pedi, akamtoa Simoni pale. Kwa kweli alimtoa vizuri. Akamzungusha nyuma ya mawe, akamshusha bondeni, dudu likabaki linanguruma peke yake. Na mimi nikajikuta nasema, "Kushoto, kushoto, kuna maji."

Watu wa Oldonyo Sambu walikuwa wamesimama wote wanaangalia. Mzee Loishiye akasogea karibu na kioo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la jirani. Akaangalia muda.

"Nyasi ipo," akasema. "Ng'ombe wao wamewapeleka wapi?"

"Hatujawaona, baba," Manka akamjibu, macho hayajatoka kwenye kioo. "Tumezunguka kote."

"Na huo mlima? Nyuma yake kuna nini?"

"Hatujafika."

"Zimeni hilo dude," baba mdogo akasema. Alikuwa ameshafika ukutani, ameshika waya.

Hapo ndipo mimi, mwenye nyumba, mama wa bibi harusi kwa namna yangu, nilipopiga kelele, "Baba mdogo usizime, nakuomba!" na yeye akachomoa.

Kioo kikawa cheusi. Ukaonekana uso wangu tu mle ndani na kitambaa mkononi. Nikalia. Ningependa kuwaambia kwamba machozi yalinitoka kidogo nikayafuta, lakini hapana, nililia kwa sauti, mabega yanatikisika, nimekaa chini kwenye zulia mbele ya wakwe, mwanamke mzima nalilia farasi wa televisheni. Sikuweza kuacha. Nilikuwa nafikiria kile kibanda, na kuanza upya, na Simoni amesimama tena kule mbele ya Uzunguni hatujui.

Baba mdogo akakohoa, akajiweka sawa. Najua alichotaka kusema: nyumba hii imechafuka, turudi siku nyingine, na hiyo siku nyingine isingekuja. Manka naye alijua, nilimwona amekunja mikono anamwangalia.

Mzee Loishiye akamuwahi. "Mzee mwenzangu," akasema, "mimi nimekwenda posa nyingi. Nimeona dada wa bibi harusi wanacheka, wanahesabu soda. Huyu anaona mdogo wake anaondoka, mwache alie. Mtoto aliyelelewa na mtu wa kulia hivi, sisi tutamtunza." Akanyoosha fimbo kumwelekea Manka. "Na akitukuta na ng'ombe kwenye shida, nimeona hakimbii."

Baba mdogo akaangalia blanketi lake. Akaniangalia mimi pale chini. Ukimkatalia mtu baada ya maneno hayo unakuwa wewe ndiye mkosaji, na yeye kukosea mbele ya wageni hawezi. Akasema haya, Manka, njoo, unawafahamu hawa watu? Manka akasema nawafahamu. Nilikuwa bado nalia.

Mnaona ilivyogeuka. Kwenye sendi-ofu, ile sherehe ya kumuaga Manka, mshereheshaji akanisimamisha ukumbini, akasimulia machozi ya dada, watu wakapiga vigelegele, mama mmoja akaja akanifunga khanga, na mimi nimesimama pale nachekacheka kama mwizi aliyepewa zawadi. Manka amepambwa, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, akaninong'oneza, "Waambie basi Simoni anawasalimu." Kanisani ikasimuliwa tena. Sokoni wenzangu wakawa wananiita Mama Machozi. Na nikimwambia mtu ukweli anasema acha utani, hakuna mtu mzima anayeweza kulilia gemu.

Wiki chache baada ya harusi, Jumapili nimetoka kanisani, nikachomeka waya nikaanza tena. Nikaamka kibandani. Nikafungua mlango, nchi ipo, mto upo, mlima upo kulekule. Nikatembea mpaka njia panda ya Themi, pale tulipokuwa tunabishana kila mara, na nikasema kwa sauti, "Haya, tupite wapi?" Nikakaa nimeshika pedi. Maharage yapo kwenye ungo hayajachambuliwa, na nywele zangu zilikuwa zimesimama tu, hakuna wa kuzisuka.

Nikachomoa waya mwenyewe. Mashine nikamgawia mtu, na leo ukipiga hodi kwangu hutakuta kitu kimefunikwa, kila kitambaa nimekikunja kabatini.

Jumapili ile nililia tena, na katikati ya kulia simu ikaita, ni Manka, mtandao kule unakwenda unarudi, anataka kuniambia kwamba kwao asubuhi Meru unaonekana mzima, kwa upande wa nyuma. Akasikia sauti yangu.

"Dada, unalia? Unalia nini tena?"

Nikamwambia namlilia Simoni.