Machela Haishushwi Njiani

Zahanati ya kijijini kwetu, upande wa Mabamba, tuliijenga wenyewe. Matofali tuliyachoma, maji tukayabeba kichwani, serikali ikaja kukata utepe. Nesi alipohamishwa tukaambiwa bajeti imebana, mwingine atakuja. Hajaja. Kufuli limeshika kutu, na ushuru wa maharage, ambao tuliambiwa ndio utakaoleta dawa, umepanda. Sijui bajeti hii humbana nani, maana magari ya wakubwa yanayotutimulia vumbi hayaonekani kubanwa popote.

Ndiyo maana dada yangu aliposhikwa na uchungu alfajiri, na mchana ukamkuta bado, baba mdogo aliwaita wanaume wa kitongoji wakamweka kwenye machela: miti miwili, kamba za katani, blanketi juu. Gari la wagonjwa lilikuwepo mjini, mafuta hayakuwepo. Kwetu machela haishushwi njiani. Wabebaji hupokezana mabegani huku wanatembea, mpaka hospitali. Anayeshushwa njiani ni aliyekwisha kukata roho.

Njia ya Kibondo ina geti la ushuru. Kijana wa geti akatoka na bambo mkononi, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia.

“Shusheni, wazee. Nikague.”

“Ni umuntu,” baba mdogo akamwambia. “Si maharage. Anajifungua huyu.”

“Juzi mmenipitishia mgonjwa hapahapa, kumbe maharage. Nikakatwa mshahara mimi.”

Ilikuwa kweli. Jirani yetu alifanya hivyo, nami nilicheka mpaka machozi, nikaona tumewaweza. Mtu anayetozwa hata mbegu atadanganya, usimwambie kitu. Lakini pale getini nilitamani nisingecheka.

Wabebaji walikataa kushusha. Walisimama na miti mabegani, jua kali, dada akiuma blanketi. Kijana naye hakuinua mti wa geti. Nilimtukana matusi ambayo mama hajui kama ninayajua. Tulikaa hivyo muda mrefu mno. Mwishowe baba mdogo akapiga goti, wengine wakafuata, wakamlaza dada kwenye vumbi. Kijana akafunua blanketi, akaona, akarudi nyuma, akainua mti wa geti. Bambo alikuwa bado analo.

Mtoto alizaliwa hospitalini. Hakulia. Mkunga alisema laiti tungewahi kidogo tu. Kidogo hicho ninajua kilipotelea wapi, na sijasamehe, si kijana yule wala waliomtuma. Wala sitaki habari za mapenzi ya Mungu. Mungu hakati bajeti, hakai getini. Mchungaji aliponianzia hayo msibani, nilitoka nje.

Msimu uliofuata nilifuatana na dada kwenda kuuza maharage mjini. Kibanda cha geti kilikuwa kimeezekwa bati jipya, linang’aa. Zahanati yetu ilikuwa bado imefungwa. Kijana alikuwa yuleyule.

“Mama, shusha mzigo nikague.”

Dada hakushusha. Alisimama katikati ya barabara, kiroba kichwani, shingo imenyooka.

“Hapa nilishashushwa,” akasema. “Kagua hivihivi.”

Kijana aliinamisha macho. Kisha akaenda kuleta kigoda, akapanda, akachoma kiroba hapohapo kichwani pake, akatukatia risiti.