Bega la Msusi

Waliosema hasidi hana sababu hawakumjua Mama Saluni. Yeye sababu alikuwa nayo, tena ilipita mbele ya macho yake kutwa nzima, ikijishikashika tumbo.

Jina lenyewe lilikuwa kidonda. Wanawake wenzake waliitwa kwa watoto wao. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi wateja wakamwitia saluni: viti viwili, draya inayounguza masikio, sinki linalovuja, na kioo kimoja kirefu kilichoshika ukuta mzima. Ndani ya kioo hicho alimtazama mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye kila mtu alimwita Kitinda tu. Na Kitinda sasa alikuwa mjamzito.

Tangu utotoni Kitinda alifuata nyayo za dada yake. Dada alijifunza kusuka, naye akajifunza kusuka, wakawa wanasuka pamoja hapo saluni. Dada aliolewa, naye akaolewa. Dada alikaa miaka bila kushika mimba, naye akakaa, kana kwamba hata hilo ni la kuigwa. Mwishowe akamfuata hadi kwa daktari yuleyule wa uzazi. Mama Saluni njia hiyo ilikuwa imemmaliza soli zote: sindano za tumboni, mayai kuvunwa na kurutubishwa maabara, viinitete kupandikizwa, kisha kungoja. Kila safari iliishia chooni, kwenye damu. Hakuna aliyempa pole ya msiba, maana hapakuwa na wa kuzikwa. Kesho yake alirudi kusuka.

Kitinda alipandikizwa mara moja tu. Viinitete viwili viliwekwa, na picha ya ultrasound ikamwonyesha mtoto mmoja katikati ya mji wa mimba, moyo unadunda. Mama Saluni alipiga vigelegele kuliko wote. Halafu akaingia stoo, akang'ata taulo la wateja mpaka taya zikamuuma.

Lililomkera zaidi ni kuulizwa. "Dada, kichefuchefu hiki ni kawaida?" "Dada, kuchoka hivi ni kawaida?" Naye, mjuzi wa njia ambayo hakuwahi kuufikia mwisho wake, alijibu, "Kawaida," na kugeuka. Wateja nao hawakuwa na haya. Walimpapasa Kitinda tumbo ambalo hata halijatokeza, kisha wakamgeukia mwenye saluni.

"Na wewe Mama Saluni, lini?"

"Nikimaliza kichwa chako," alijibu, akauvuta msuko kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku moja saluni ilijaa. Kitinda aliingia amejishika chini ya ubavu.

"Dada, tumbo linaniuma huku kulia. Tena si kidogo."

"Kawaida. Hata mimi liliniuma hivyohivyo."

Hakudanganya. Dawa za kukuza mayai ziliwahi kumvimbisha tumbo mpaka sketi zikamkataa.

"Au niende hospitali?"

"Si umepigwa picha juzi? Mtoto si kaonekana mahali pake?"

"Kaonekana."

"Sasa wakakuonyeshe nini tena? Acha kudeka, wewe mtoto. Watu wanangoja."

Akampa kichwa cha mwalimu, mteja mwenye nywele nene kama zulia na ambaye hataki ila rasta nyembamba. Palikuwa na mteja mwingine wa kuoshwa tu, kazi ya kukaa na kupumzika. Huyo alimchukua mwenyewe.

Kitinda alisuka mistari michache, mikono ikasimama. "Sasa ni bega. Bega nalo linaniuma."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msusi asiyeumwa bega ni msusi gani?

"Karibu chamani," alisema Mama Saluni. "Dawa ya kuchua iko kwenye droo. Jipake, uendelee."

Kioo kikamwonyesha midomo ya mdogo wake imepauka, na jasho limemtoka ilhali feni linampepea. Aliona. Asije mtu akamtetea kwamba hakuona. Aliona, na moyoni likampita neno moja, wazi kabisa: na aumwe kidogo. Akainamisha uso, akaendelea na povu lake.

Kilichomshtua ni ukelele wa mwalimu. Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, chanuo limebaki likining'inia kichwani mwa mteja.

"Dada," alisema, "naona giza."

Ndani ya teksi Mama Saluni alimpakata mdogo wake njia nzima, akiomba kwa sauti bila kujali dereva anamsikia. "Mungu, sikumaanisha. Sikumaanisha mimi."

Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alieleza kwa maneno mepesi. Viinitete vyote viwili vilishika. Kimoja kilitulia kwenye mji wa mimba, kingine kiliingia kwenye mrija wa uzazi, kikakulia humo mpaka mrija ukapasuka. Ni jambo la nadra sana, ingawa kwa waliosaidiwa kushika mimba hutokea zaidi kuliko kwa wengine. Nalo huponyoka kwa sababu mtoto akishaonekana mahali pake kila mtu huridhika, hata madaktari. Damu ilijaa tumboni ikapanda hadi chini ya kifua, na maumivu yake husikika begani. Mrija umetolewa. Mama yu hai, na moyo wa mtoto aliyebaki bado unadunda.

"Mngechelewa kidogo tu..." alisema, akarudi ndani.

Wodini Kitinda alifumbua macho akamtafuta dada yake.

"Kumbe walikuwa wawili."

"Walikuwa wawili, mdogo wangu."

"Dada, ni kawaida kumlilia mtu ambaye hata sikujua kama yupo?"

Mama Saluni alimfuta machozi kwa kiganja. Katika maswali yote aliyowahi kuulizwa, hilo ndilo pekee ambalo hakuhitaji kulibahatisha.

"Kawaida," alisema. "Mimi wangu nawalilia mpaka leo."

Na palepale, machozi hayajakauka, wivu ukainua kichwa tena. Mwenzake alikuwa na wa kumlilia na wa kumbeba, na wodi nzima ilikuwa ikimpa pole. Alitamani kujizaba kofi.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Nilikuona umebadilika rangi, nikanyamaza."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Kioo si kimoja? Ulivyokuwa unaniona, na mimi nilikuwa nakuona."

Mama Saluni aliinamia mikono yake. Kitinda akauliza polepole, "Na sasa?"

"Bado ninao."

"Haya. Kaa nao hapahapa." Kitinda alifumba macho, halafu akakunja uso. "Dada, bega linaniuma tena."

Kabla hajamaliza kusema, Mama Saluni alishatoka mbio, viatu vimebaki chini ya kitanda. Alirudi amemshika nesi mkono kama mtu aliyekamata mwizi. Nesi alipima presha, akakagua kidonda, akatabasamu. Bega kuuma baada ya upasuaji wa namna hiyo, alisema, kwa ile gesi inayojazwa tumboni, ni kawaida.

"Usiniambie kawaida," alisema Mama Saluni. "Mwite daktari."